Samaki wa miiba haliwi na simu mkononi

Waalaykum salaam babangu, mie mzima alhamdulillah, dadako na wanawe nao wazima. Meseji yako niliiona jana baada ya isha, nikataka kukujibu kwa vois nikaona hapana, hili lataka kuandikwa, kwaiyo nisamehe ikiwa refu.

Umesema ofisini kwenu alikuja dada mmoja wa mambo ya afya akawagaia zabibu kavu moja moja, akawaambia muitazame, muinuse, muiweke ulimini itulie kwanza kabla ya kuitafuna, na wenzio wengine wakacheka. Halafu ukaniuliza, mama hivi kweli kula kwa kutulia kuna faida au ni mambo ya watu wasio na kazi?

Faida ipo mwanangu, na wewe hiyo zabibu umeshaila tangu una miaka saba ila kwetu ilikuwa tende. Ikumbuke ile siku ya kwanza uliyofunga mpaka magharibi, umekaa mkekani barazani umeishika tende kwa vidole viwili unaigeuza unaisubiri adhana, ilipoadhiniwa ukaitia mdomoni na wala hukuimeza, ukaizungusha mpaka nyama yote ikatoka kwenye kokwa, na kokwa nayo ukawa unaifyonza mpaka babako akakwambia basi itoe unywe maji. Tende moja tu ile, na mpaka leo unaihadithia. Sahani ya chipsi mayai uliyokula juzi unaikumbuka?

Dadako kanitafutia kwenye simu, kumbe hayo mambo ya zabibu yanatokana na bwana mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo yake mwaka 1979 kwenye chuo cha udaktari huko Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na stresi ambao dawa zilikuwa haziwatoshi. Zabibu ndo huwa somo lao la mwanzo. Kwaiyo hao waliocheka wangejua ilianzia kwa wagonjwa labda wasingecheka.

Sasa mwilini kuna nini. Chakula kikiingia, tumbo hutanuka na utumbo hutoa homoni za kuupelekea ubongo habari kwamba imetosha, na habari hizo huchukua kama dakika 20 mpaka zifike sawasawa. Wewe kwa ulivonambia sahani ya mchana unaimaliza kwa dakika saba, jicho liko kwenye kompyuta, habari ya kushiba ikifika inakuta umeshaongeza soda na maandazi mawili, halafu saa kumi unanilalamikia tumbo limejaa gesi na kiungulia kinakupanda. Hiyo gesi nyengine ni hewa tu, mtu akila mbio humeza hewa pamoja na matonge. Na mtu anayekula huku anatazama kitu chengine hata kumbukumbu ya chakula haimkai vizuri, ndo maana baada ya muda anatafuta tena cha kutafuna.

Chukua kipande cha mkate wa boflo mkavu bila ya siagi, kitafune usikimeze, hesabu mpaka 40. Utasikia kinaanza kuwa kitamu. Hujatia sukari, ni mate yako, yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, yaani kazi ya kusaga chakula inaanzia mdomoni na wewe unairuka yote unalirushia tumbo matonge mazima.

Ila sikudanganyi kwamba ukila hivi utapungua kilo, hapo tafiti zenyewe hazijakubaliana. Kilichoonekana wazi zaidi ni kwa wale wanaokula kwa hasira au mawazo, anayefungua friji na njaa hana, huyo akijifunza kujisikiliza humsaidia kweli. Na mama mkubwa wako mwenye sukari vidonge vyake vipo pale pale, asije mtu akamwambia aviache kisa anatafuna vizuri.

Mie hili nililijua kwa mwiba. Hukuwahi kuuliza habari yenyewe ilivokuwa nikakuficha usije ukaingiwa na hofu. Tangu babako kufariki nikawa nakula na simu, ndo mwenzangu, siku hiyo nimekaanga samaki chaa na wali wa nazi natazama vidio ya harusi ya binamu yako, tonge la tatu mwiba ukakaa kooni. Jirani akanambia meza tonge kavu la wali, nikameza, mwiba ukazidi kuzama (usimfanyie mtu hivo, daktari alinigombeza sana). Nilikaa kwenye benchi la spitali tangu adhuhuri mpaka jua linazama, mate siwezi kumeza nayatema kwenye leso, na hakuna aliyekuja kuniuliza una nini mama. Mwisho akatokea kijana mmoja akautoa kwa koleo, kitu chenyewe chembamba kama uzi wa katani.

Njiani narudi nikawa namfikiria babako. Chaa alikula maisha yake yote na sikumuona kukabwa hata siku moja. Alikuwa anaanza mgongoni, anaufungua ubavu kwa kidole gumba, anautoa uti mzima mzima anauweka ukingoni mwa sahani, kisha kila mnofu anaubonyeza baina ya vidole kabla haujafika mdomoni, na ule uliokuwa safi kabisa hakuula, aliutupia upande wako wa sinia. Alikuwa hasemi akila. Nilidhani ni ukimya wake tu kumbe vidole vyake vilikuwa kazini. Na chuoni kwa maalim wa Kurani nyote mumesomeshwa, theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, sasa mtu utaijuaje theluthi yako kama hata sahani huitazami?

Lakini kilichoniuma zaidi ni mjukuu wangu, na hili nimelikalia tangu Idd. Mkeo alikuwa anamlisha huku katuni zinacheza kwenye simu, nikampokea kijiko. Nikampa wali, akala. Nikampa embe, akala. Nikarudi nikampa wali wenye mchuzi wa pweza, akala, jicho halikutoka kwenye simu na uso haukubadilika. Hakujua kama vimebadilika babangu. Mtoto wa miaka mitatu hajui embe limepita mdomoni mwake! Simlaumu mkeo, najua anarudi kazini kachoka na mtoto bila ya simu hafungui mdomo, ila huyo mtoto anafundishwa kutolisikiliza tumbo lake kabla hajajua hata kulitaja.

Kwaiyo fanya hivi. Mchana ondoka kwenye meza ya kompyuta, nenda pale kwa mama ntilie ukae, simu itie mfukoni, nawa ule kwa mkono. Kijiko hakijui kitu, mkono unajua moto, unajua mwiba, unajua wali uliopikwa kwa tui na ule wa mafuta. Ukishindwa kula hivo sahani nzima basi matonge matano ya mwanzo tu, mengine yatajifuata. Na usiku angalau mara mbili kwa wiki kaeni chini nyote watatu sinia moja, mtoto akilia kwa simu mwacheni alie kidogo, njaa itamrudisha.

Mukija mwezi ujao musile vitu vya kwenye boti. Nimeshamwambia mvuvi aniwekee chaa wakubwa wakubwa, na dadako atawapokea bandarini Mkoani. Mjukuu wangu nitamkalisha upande wangu wa sinia, mnofu wa mwanzo nitamtolea miiba mie, wa pili nitamshika kidole autafute mwiba mwenyewe.

Nisalimie mkeo sana.

Mama yako,
Wete