Jibu: Matangazo ya maktaba ya chuo yana faida kwa mwaka wa kwanza?

Mdogo wangu, umeuliza kama mafunzo yanayotangazwa na maktaba ya chuo yanakuhusu wewe wa mwaka wa kwanza au ni ya watafiti tu. Yanakuhusu sana. Ukiona tangazo la mafunzo ya Zotero, jiandikishe siku hiyohiyo. Ni programu ya bure ya kukusanya na kupanga marejeo, ipo tangu 2006. Unabofya kitufe kidogo juu ya kivinjari, na taarifa za makala zinaingia zenyewe: mwandishi, mwaka, jarida, mara nyingi hadi namba za kurasa. Mimi marejeo ya tasnifu niliyaandika kwa mkono, nikakesha nikisaka kurasa za vitabu nilivyokwisha kuvirudisha. Sitaki yakukute.

Mwishoni mwa Oktoba huwa kuna Wiki ya Kimataifa ya Ufikiaji Huria, iliyoanza kama siku moja mwaka 2008. Maktaba nyingi hutumia wiki hiyo kuonyesha namna ya kupata makala bila kulipia. Saa za kufunga nazo hubadilika vipindi vya mitihani, kwa hiyo soma ubao wa mlangoni. Na mfuate mkutubi anayeshughulikia fani yako, umuulize mafunzo yajayo ni lini.