Chungu cha kumpikia mama usikipake rangi, nimeshayapitia haya

Dada, hilo kopo la rangi liweke chini kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Umeandika uko Mafinga, umepata chungu kipya cha Kikisi, cha wale wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, kutoka Matema, unataka ukipake rangi, uchore maua na jina la mama, halafu Jumapili ijayo umpikie makande humohumo mbele ya wajukuu. Unauliza rangi gani haibanduki kwenye moto, na makande yakae jikoni saa ngapi. Nimefika hapo kwenye rangi nikashindwa kuendelea, maana mimi nilifanya hivyohivyo, chungu hichohicho, kwa mama yangu mzazi, na usiku ule nikampeleka hospitali kwa bajaji.

Ilikuwa Desemba 2019. Mama alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, nyumbani kwetu Tukuyu. Kaka yuko Dar akatuma hela, dada wa Makambako akanunua kitenge kizuri kweli, mimi nikasema nitampa kitu cha mikono yangu. Na sikusema kwa sababu sina hela. Mama huyu tulipokuwa wadogo alikuwa anachora zana za kufundishia usiku kwenye viroba vya unga vilivyofuliwa, ng'ombe, mahindi, moyo wa binadamu na mishipa yake yote, sisi tunamshikia kibatari kwa zamu. Kupika nimefundishwa na yeye, kuchora nimejifunza kwa kumwangalia mkono. Kwa hiyo nikaona chungu chenye maua niliyochora mwenyewe na makande niliyopika mwenyewe ndiyo ahsante ambayo mwingine yeyote hawezi kumpa. Wazo halikuwa baya, na lako pia si baya, nakuelewa kabisa unachotaka.

Nikaenda duka la rangi mjini Mbeya. Nikamweleza kijana pale bila kuficha kwamba ni chungu cha kupikia, kitakaa kwenye kuni. Akanipa rangi ya mafuta ya mageti na vanishi juu yake, akasema hii bosi haina shida, geti linapigwa jua mwaka mzima na halibabuki. Jua na moto wa kuni ni kitu kimoja? Mtu anakuuliza habari ya chakula cha mama yake wewe unawaza kopo litoke tu dukani! Na kabla ya hapo nilikuwa nimeangalia klipu moja mtandaoni, dada anapaka vyungu vinang'aa mpaka unajiona sura, dakika kumi nzima hakutamka hata mara moja kwamba vile ni vya kuwekea maua sebuleni. Hao wawili bado nina hasira nao mpaka leo. Na msianze kunicheka hapo, nani kati yenu hajawahi kumwamini mwenye duka kwa sababu tu ameongea kwa kujiamini?

Nikapaka mikono miwili, nikapiga vanishi, na ili kipendeze nikashusha rangi mpaka ndani ya mdomo wa chungu kama vidole viwili hivi. Siku yenyewe nikapanga mafiga uani, nikabandika makande na karanga. Baada ya muda harufu ikaanza, nikasema ni kuni hizi za mkaratusi. Rangi ikavimba malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, ile M kubwa ya mwanzo wa jina la mama ikajikunja taratibu ikadondoka kwenye jivu. Ndani huku mvuke ukabandua ile ya mdomoni, vipande vikawa vinaelea juu ya supu, vyekundu na kijani.

Sasa sikiliza, kosa kubwa ni hili linalofuata, rangi ilikuwa mwanzo tu. Mimi nilichukua upawa, nikaviengua vile vipande, nikaendelea kupika. Wageni wameshafika, mama ameshavaa kitenge kipya, mahindi nimekoboa kwa kinu mwenyewe, nikajiambia vilivyotoka vimetoka. Nikapakua.

Mama akapeleka kijiko mdomoni, akatulia, akameza. Akachota kingine. Akaniambia, "Mwanangu, yameiva." Hakusema matamu. Yameiva, basi. Mjukuu wake wa miaka mitatu ndiye aliyesema kweli, akatema akasema bibi yananuka geti. Hapo mama akakusanya sahani za watoto zote kimyakimya, akawapa ndizi, na ya kwake akaimaliza. Dada, hilo ndilo ninalotaka likuingie. Chakula kibovu cha hotelini mtu anakirudisha. Chakula ulichompikia mama yako kwa mikono yako mama anakula hata kama kinamuumiza, kwa sababu ni wewe umepika, anaona akiacha atakuumiza wewe. Sasa mtu atakayekula chochote unachompa unatakiwa umwogopee mara mbili.

Saa tano usiku tumbo, kutapika, mvua ya Tukuyu mnaijua, bajaji tumeipata kwa kuomba. Akawekewa dripu mpaka asubuhi. Daktari alipouliza amekula nini mama akajibu makande tu, akaniangalia. Nikasema mimi mwenyewe, nikaeleza chungu chote na rangi yake. Daktari hakunigombeza, akasema hawezi kuapa kwamba ni rangi ndiyo iliyomtapisha, ila akaniuliza watoto wamekula kiasi gani. Ndipo akanieleza kwamba baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, na risasi ikiingia kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua, haionekani leo, utakuja kuiona darasani. Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikalia, wale watoto wangekula zaidi ya kijiko kimoja ningeishi vipi na dada yangu?

Nilipofika nyumbani nikataka kuwamwagia kuku yaliyobaki, mama akapiga simu palepale kitandani, usiwape, tutakula mayai yao. Nikachimba shimo.

Na chungu chenyewe kilikuwa kimeshapasuka kitako nilipokiepua, tak, mara moja. Baadaye nikashuka Matema, kwenye lile soko la Jumamosi la Lyulilo wanakoshushia vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, nikamuuliza mama mmoja mfinyanzi. Akaniambia udongo ule unachomwa kwa moto wa wazi, si tanuru la kiwandani, una vitundu, unapumua. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta maji yaliyomo ndani yake yanakosa pa kutokea, moto ukipanda yanatafuta njia kwa nguvu. Mapambo yanayotakiwa wao wameshayaweka, yale ya rangi ya udongo, kabla ya kuchoma. Halafu akaniuliza kama nilikizoesha moto kwanza. Sikuwa najua hata kama kuna kitu kama hicho. Unakiloweka siku nzima, unakikausha vizuri kivulini, unachemsha ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo, unamwaga, ndipo kinaanza kupikiwa. Na kikiwa cha moto usikitie maji baridi wala usikiweke kwenye sakafu yenye unyevu.

Kwa hiyo rangi gani haibanduki? Hakuna dada. Hata wakikwambia ya dukani kwao imeandikwa haina risasi, hata kama utapaka nje tu kitako ukiache, hapana. Chungu cha kupikia hakipakwi rangi, na kilichopakwa rangi hakiendi motoni. Mtu akikubishia mwambie aanze kula yeye na wanawe.

Uchoraji wako uhamishie kwenye kitu kinachokaa karibu na chungu. Mimi mwaka uliofuata nilisuka kata kwa majani makavu ya mgomba, nene, ya kukalishia chungu kikitoka jikoni, na dada akafuma kitambaa cha mezani, pembeni tukalidarizi jina la mama kwa uzi mwekundu, ile M nikaichora mimi kwanza kwa penseli. Nyie Iringa mna milulu, yale majani ya kusukia vikapu, tafuta mama anayesuka vikapu akufundishe hata mshono mmoja, huwezi kumaliza kikapu kwa wiki moja ila kata ndogo au kawa ya kufunikia utaweza. Ile kata ya mama imeshaungua upande mmoja, majani yamelegea, nimemwambia nisuke nyingine kakataa, ameifunga kwa utepe wa kitenge kilekile cha kustaafu.

Saa za makande usifuate za watu wa Dar. Huku juu maji yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha, Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mafinga nako ni juu, ukipangiwa saa mbili wewe weka tatu au zaidi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, anza alfajiri, moto mdogo. Na upike mara moja kabla katikati ya wiki, kwenye chungu hichohicho, ule wewe kwanza.

Sasa nijibu, umeshaanza kupaka au bado? Kama umeshapaka usikikwangue kwa msasa ukidhani kitarudi, ile vumbi nayo ni hatari hasa kwa watoto, na iliyoingia kwenye vitundu haitoki. Kipandie maua, kiweke mlangoni kwa mama, kitapendeza sana. Jumamosi kuna mtu anapanda kutoka Kyela namfahamu, nikimwambia leo atakuletea kingine kwenye basi, nipe tu ukubwa unaotaka.