Mizani kwanza, bei baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ukienda na wenzako kwenye onesho la sarafu mjini kwenu, mfanye nini msije mkarudi na mali ya bandia?" Nalijibu nikiwa Tanga, ambako sarafu zinazotandikwa mezani ni zile zilizozunguka pwani hii: riale, kisha rupia za Wajerumani na heller zao (mia moja kwa rupia), shilingi za Afrika Mashariki za enzi ya Waingereza, na zetu wenyewe tangu 1966. Jibu langu ni kwamba sarafu ipimwe kabla bei haijaulizwa. Mtu akishatajiwa bei nafuu, macho yake huanza kuitetea sarafu badala ya kuikagua.

Vifaa vinaenea kwenye mkoba mdogo: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, vernia ya kupimia kipenyo na unene, lenzi ya kukuza mara 10, kisumaku, na kitambaa laini cha kutandika chini ili sarafu ikiponyoka isigonge mbao. Chukueni pia jiwe la mizani la gramu 20 la kuhakiki mizani mkishafika ukumbini. Mizani hizi ni nyepesi mno kwa upepo. Ukiiweka chini ya feni, namba hazitulii, na wengi hulaumu sarafu wakati kosa ni la feni. Sogeeni pembeni au ikingeni kwa kifuniko cha boksi.

Chukueni rupia ya fedha ya Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, iliyotolewa 1904 hadi 1914. Uzito wake kamili ni gramu 11.66, nusu rupia ni 5.83, robo ni 2.92. Kipenyo cha rupia nzima ni takriban milimita 30. Iliyotembea sana mikononi hupungua kidogo, ikasoma 11.5 au 11.4, na uso wake utaonyesha uchakavu unaolingana na upungufu huo. Ya kutilia shaka ni ile ambayo Kaisari Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani aliyechorwa juu yake, ana masharubu makali na kofia yake ya chuma haijalika hata kidogo, halafu mizani inasoma 10.9. Chapa mpya na uzito wa kuchakaa havikai pamoja.

Uzito ukiwa sawa, pimeni unene. Fedha ya rupia ni 917 kwa 1000, yaani sehemu 917 za fedha halisi katika kila 1000, nzito kuliko mchanganyiko wa shaba na nikeli. Anayeigiza kwa nikeli akitaka kufikisha gramu 11.66 kwa kipenyo kilekile, hana budi kuinenepesha sarafu kwa kama asilimia 16. Kwa jicho hilo halionekani, ila mkiweka rupia mnayoiamini kando ya ile ya mezani, vernia itasema. Ndiyo sababu kila kundi lije na rupia moja halisi ya kulinganishia, hata kama imechakaa.

Kipimo cha maji ni bora zaidi, lakini kinahitaji ruhusa ya mwenye mali. Wekeni glasi ya maji juu ya mizani, mizani irudishwe sifuri, kisha sarafu ining'inizwe kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Rupia halisi itasoma karibu gramu 1.13. Gawanyeni 11.66 kwa hiyo mpate 10.3, ambayo ndiyo densiti (uzito kwa ujazo) ya fedha ya aina hiyo. Ya nikeli itasoma karibu 1.31. Angalieni vipovu vya hewa vinavyonata kwenye herufi, kwa maana huongeza namba na kuifanya sarafu nzuri ionekane mbaya. Itikiseni kidogo vitoke. Kisha muikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa, si kwa kuisugua.

Baada ya hapo ndipo ukingo. Rupia nyingi za pwani zilivaliwa shingoni na masikioni kabla hazijafika kwa wakusanyaji. Izungusheni taratibu chini ya lenzi na mtazame juu ya kofia ya Kaisari, mahali ambapo kikuku cha mkufu huchomelewa. Mkiona meno ya ukingo yamekatika kwa milimita tatu au nne, au doa la kijivu lililofifia, hapo palichomelewa kisha pakapigwa tupa. Ni sarafu halali, yenye historia ya kupendeza, ila haina thamani ya iliyo kamili, na muuzaji mwaminifu atakubali mkimwonyesha kwa adabu. Ya kumimina kwenye kalibu ni jambo jingine. Hiyo huwa na vitundu vidogo vya hewa, herufi zenye mabega ya mviringo, na wakati mwingine mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote.

Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ina mtego wake. Zote zimeandikwa 1780, kwa sababu ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo katika viwanda vya nchi kadhaa miaka mingi baada ya malkia kufariki. Kwa hiyo maneno "hii ina zaidi ya miaka 200" hayathibitishwi na tarehe hata kidogo. Ihakikini kwa gramu 28.07 na kwa maandishi ya ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA.

Za Tabora za 1916 zinahitaji uvumilivu. Bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza, fedha haiingii, ndipo Wajerumani wakapiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora: heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Zina herufi T. Heller 20 zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Chapa iliyokaa upande au iliyofifia ni kawaida yao, kwa hiyo msizikatae kwa hilo. Rupia 15 ya dhahabu ina gramu 7.168 na dhahabu 750 kwa 1000, na nakala zake ni nyingi mno. Nashauri asiinunue mtu juu ya meza ya onesho, hata mizani ikikubali, mpaka sonara anayeaminika aipime. (Kila tunaposema "sina hela" tunaitaja heller, iliyoanza 1904.)

Shilingi za Afrika Mashariki hazihitaji mizani sana, zinahitaji mwaka. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, 250 kwa 1000. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, na uzito unakaribiana sana, gramu 7.8 hivi. Anayeiuza ya 1950 kama fedha huenda naye hajui. Someni pia herufi ndogo inayotaja ilikopigwa: H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay.

Sasa kusugua. Hili ndilo limeharibu sarafu nyingi kuliko wahalifu wote. Ndimu, ukwaju, majivu, na dawa ya kung'arishia shaba huondoa ngozi ya juu, na ngozi hiyo hairudi. Ielekezeni sarafu kwenye mwanga wa dirishani, si wa taa, kisha muiinamishe huku na huku. Isiyoguswa, mng'ao wake huzunguka kama upepo juu ya maji. Iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja, na chini ya lenzi mtaona mikwaruzo myembamba ikielekea upande mmoja, pamoja na unga mweupe umejificha ndani ya herufi. Shaba iliyotiwa ukwaju hugeuka rangi ya waridi isiyo ya kawaida.

Kwa kundi la wanne, wawili tu wasimame meza moja. Mmoja azunguke ukumbi mzima kwanza akiandika nini kiko wapi. Salamu kwanza, "Shikamoo mzee, naomba kuishika hii," kisha sarafu ishikwe kwa ukingo, juu ya kitambaa, bila kuzungumza juu yake kwa kuwa mate huacha madoa. Mteja mwingine akiwa ameishika, msitaje bei wala kasoro mpaka aiweke chini. Mkikubaliana, andikieni stakabadhi: mwaka, herufi, uzito mliousoma, bei.

Mtu akiwanong'oneza kuwa ana sarafu za kale kutoka magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, ondokeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863, na sarafu iliyochimbuliwa kwa siri imepoteza habari yake yote.

Kwa vijana wanaoanza, meza yao ni ile ya 1966: senti 5 ya pande kumi na mbili yenye sulisuli, senti 20 ya mbuni, sumni (senti 50) ya sungura, shilingi ya mwenge. Watafute zisizosuguliwa, wasikimbilie rupia.

Mkirudi, msiziache kwenye vifuko vya plastiki laini vinavyonukia. Kwa joto letu hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Ute huo hutolewa kwa kiyeyusho kiitwacho asetoni, kikiwa safi, ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto. Tumieni vifuko vigumu visivyo na PVC (plastiki ya vile vinavyonukia), kila sarafu peke yake, na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu ndani ya boksi. Baada ya wiki mbili zifungueni mzitazame tena. Unga wa kijani kibichi unaopukutika ni chumvi inayofanya kazi ndani ya shaba, basi hiyo itengwe na nyingine siku hiyohiyo.

Msomaji, Tanga