Bosi akikuambia "speak up" hajasema upaze sauti

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bosi amekuandikia kwenye tathmini "you should speak up in meetings" ilhali sauti yako inasikika vizuri tu. Hapo hazungumzii sauti. Anataka utoe maoni yako, usikae kimya wengine wakichangia.

Nakuelewa kabisa. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikapaza sauti vikao viwili vizima mpaka mwenzangu akanivuta pembeni kunieleza.

Tazama mahali neno lilipotumika. Kwenye simu, "speak up, I can't hear you" ni kupaza sauti kweli. Kikaoni ni kusema ulicho nacho. Ukiongeza "for", kama "speak up for her", unamtetea mtu. "Speak out" ni kusema hadharani, mara nyingi kupinga jambo kama rushwa. Usiandike "speak up my opinion". Andika "speak up about" jambo fulani.

Angalizo: kumwambia mkubwa "Speak up!" kavukavu ni kumwamrisha. Sema "Could you speak up, please?" Na kwa kuwa tathmini inagusa ajira yako, mwombe bosi akutajie ni mada ipi alitaka uchangie.