Pampasi isiyotoa mashuke

Dada wa Nyegezi, Mwanza, umesema pampasi yako, ile nyasi ndefu ya mapambo yenye mashuke kama manyoya, imefika kimo cha mtu, iko chini ya mwembe, unaitilia samadi kila mwezi, na mwaka wa tatu huu haijatoa hata shuke moja. Pole, ila usiitupe.

Kwao ni Amerika Kusini, kwenye nyanda za jua la kutwa. Kivuli ndicho kinachokunyima mashuke, na samadi nyingi inazidisha majani tu. Acha kuitilia.

Mvua za vuli zikikaribia, vaa glovu nene na shati la mikono mirefu. Ukingo wa jani lake una meno kama msumeno. Mimi liliwahi kunichana kiganja, nikaona damu kabla sijasikia maumivu. Yafunge majani yote kwa kamba kama mganda, ndipo uyakate kwa mundu, ukibakiza sentimita 30. Chimbua shina, ligawe, upande vipande penye jua, mita 2 kati yao. Kichanga chetu cha kwenye mawe kinaifaa, maji hayatuami. Mwagilia mpaka ishike.

Mashuke yakitoka, tafadhali yakate kabla hayajapeperusha mbegu. Kule California na New Zealand imekuwa gugu sumbufu, na Ziwa Viktoria letu tayari linahangaika na magugu maji.