Kikundi cha watumiaji wa programu kiwe cha wateja

Wahasibu wenzangu wa Dar es Salaam huniuliza tulifanyaje mpaka muuzaji wa programu yetu ya uhasibu akaanza kutusikiliza. Jibu langu ni kwamba sisi wateja tuliunda kikundi chetu, kikajitegemea kwanza. Muuzaji akilipia ukumbi, akapanga ajenda na kutunza orodha ya wanachama, mtaishia kuonyeshwa moduli mpya (sehemu za nyongeza za programu) za kununua, na kero zenu zitasubiri dakika kumi za mwisho.

Wenzetu waliliona hilo zamani. Mwaka 1955 kampuni za eneo la Los Angeles zilizotumia kompyuta za IBM, nyingi zikiwa za kuunda ndege, zilianzisha kikundi cha watumiaji, SHARE, ili kila moja isihangaike kuandika programu zilezile. Ujerumani wateja wa SAP, kampuni inayouza programu za kuendeshea biashara, walianzisha chama chao, DSAG, mwaka 1997. Wanachama wake ni kampuni, zinalipa ada, na SAP ikigusa masharti ya leseni, DSAG hutoa msimamo wake hadharani.

Kwa hiyo tozeni ada, hata iwe ndogo. Ili pesa zisikae kwenye simu ya mtu, mtahitaji akaunti ya benki yenye watia saini wawili, na benki itadai cheti cha usajili. Andikeni katiba fupi, mkajisajili kwa Msajili wa Jumuiya.

Kwenye katiba ndiko penye kazi. Mwanachama awe kampuni, na kila kampuni iwe na kura moja. Kiwanda chenye watumiaji mia na duka la vipuri Kariakoo lenye mhasibu mmoja wapige kura sawa, la sivyo mwenye duka ataacha kuja, na yeye ndiye anayekutana na matatizo ambayo kiwanda kimeajiri watu wa kuyamaliza kimyakimya. Mhasibu akihama kazi, uanachama unabaki kwa mwajiri wake wa zamani. Wakala anayeuza au kufunga programu hiyo akaribishwe, ila asipige kura. Na kiongozi akiajiriwa na muuzaji, ajiuzulu siku hiyohiyo, hata kama mnampenda.

Kero nazo zina namna ya kuandikwa. "Mfumo unasumbua" haimsaidii mtu. Iliyotufaa ilikuwa ya namna hii: "Tangu toleo jipya, mteja akirudisha bidhaa, krediti noti haifiki kwenye mfumo wa risiti za TRA. Tunaingiza kwa mkono. Kampuni zilizoathirika zimeorodheshwa hapa chini." (Krediti noti ni hati ya kumpunguzia mteja deni, na TRA ni Mamlaka ya Mapato.) Tunapigia kura orodha nzima, tunapeleka tatu za juu tu, na tunadai jina la atakayeshughulikia na tarehe ya majibu. Barua ya malalamiko arobaini hujibiwa kwa shukrani, halafu basi.

Mikutano msiipange karibu na tarehe 7, watu wako kwenye PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), wala karibu na tarehe 20 ya ritani za VAT. Sisi tunakutana kati ya tarehe 10 na 15, na watu wanakuja.

Kwenye WhatsApp muwe wakali. Mtu anapiga picha skrini ya mishahara aulize kosa moja la hesabu, na majina ya wafanyakazi wote yanasomeka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo linaweza kumletea mwajiri wake matatizo makubwa. Picha ya namna hiyo ifutwe papo hapo, aliyeituma aelezwe kwa upole. Vilevile wanachama wengi ni washindani sokoni, hivyo bei wanazouzia wateja wao zisijadiliwe kabisa. Sheria ya Ushindani ya 2003 haitajali kwamba mlikutana kwa ajili ya programu.

Muuzaji mwalikeni kila mkutano, kwa sababu mafundi wake wanajua mengi. Ila aingie saa ya pili ya mkutano. Ya kwanza iwe ya wanachama peke yao, wakubaliane watakachomwambia.