Maswali ya Wasomaji: PID ya Daraja la Sehemu Kwenye Maikrokontrola

SWALI: Naongoza kasi ya mota ndogo ya DC yenye enkoda (kipima mzunguko) kwa Arduino Uno. Kidhibiti ni PI (PID bila sehemu ya D: hufuata kosa la sasa na intigrali, yaani mrundikano wa makosa yaliyopita), ila intigrali yake ni ya daraja la sehemu, 0.5, si 1. Natumia njia ya Grünwald–Letnikov: kila milisekunde 1 najumlisha makosa 500 yaliyopita, kila moja na kizidishi chake. Bodi hujiwasha upya ovyo. Hata ikitulia, mota haifiki kasi niliyoiweka. – Msomaji, Mbeya

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. La kwanza ni RAM. Uno ina baiti 2,048 tu, na float 500 (namba za desimali, baiti 4 kila moja) peke yake ni baiti 2,000. Ukiongeza vizidishi umeshafurika. Safu hizo zikitangazwa ndani ya fanksheni, kompaila hailalamiki. Steki (eneo la RAM la vigezo vya fanksheni) inavuka mpaka kimyakimya, anwani ya kurudi inaharibika, programu inaruka kokote, mara nyingi mwanzo kabisa. Kuhamishia vizidishi kwenye flashi (kumbukumbu ya programu) hakusaidii sana: chipu hiyo haina kikokotoo cha desimali, kwa hiyo kuzidisha na kujumlisha mara moja hupita mikrosekunde 10. Mara 500 haziingii katika milisekunde 1.

La pili ni la hesabu yenyewe. Sampuli 500 ni kumbukumbu ya nusu sekunde. Kosa lililopita hapo husahaulika, intigrali hukoma kukua, na mota hubaki pungufu. Kununua bodi yenye nguvu zaidi hakuliponyi hilo.

Intigrali yako ni s^−0.5 (s ni kigezo cha Laplace; 1/s ni intigrali ya kawaida). Iandike kuwa s^0.5 ÷ s, yaani kichujio kikifuatiwa na intigreta halisi. Kichujio kitengeneze kwa njia ya Oustaloup, inayokaribisha s^0.5 kwa jozi za ziro na poli (mizizi ya kiasi na ya asili ya kichujio). Kwa masafa ya 0.1 hadi 1,000 rad/s na N = 2 (jozi 2N + 1 = 5), ziro ni 0.158, 1, 6.31, 39.8 na 251; poli ni 0.398, 2.51, 15.8, 100 na 631. Kila moja ya namba hizo, ω, igeuze kwa e^(−ωT), T ikiwa muda kati ya sampuli: ziro inakupa q, poli inakupa p. Kila jozi ni mistari miwili ya kodi (x ni kinachoingia, y kinachotoka, w kumbukumbu):

y = x + w;
w = p*y - q*x;

Jozi tano zinapokezana, y ya moja ikiwa x ya inayofuata, na kumbukumbu yote ni namba tano. Mwishoni zidisha kwa gaini (kizidishi) moja ili kwenye 10 rad/s kichujio kikuze mara 3.16, mzizi wa 10. Intigreta ikae mwisho ili uweze kuisimamisha PWM (amri ya nguvu ya mota, 0 hadi 255) ikigonga 255. Ukiiacha ilimbikize, mota itapitiliza kasi vibaya.

Ukibadili T, rudia hesabu yote. Kwa milisekunde 10 huwezi kuvuka π/T, yaani 314 rad/s, kwa hiyo shusha ukomo wa juu hadi kama 100.

SWALI: Nina bodi ya STM32F407 (chipu ya Cortex-M4). Jozi tano za kichujio cha Oustaloup niliziunganisha kuwa kichujio kimoja cha daraja la tano. Kwenye kompyuta kinatulia, kwenye bodi kinapaa. – Msomaji, Eldoret

JIBU: Kompyuta yako ilitumia double (desimali za baiti 8), bodi inatumia float. Kwa T ya milisekunde 1 poli za namna hiyo husongamana karibu na 1 (0.9996, 0.9975, 0.984…), na float ina tarakimu saba hivi. Ukizizidisha kuwa polinomia moja, mviringo wa tarakimu ya mwisho unatosha kuisukuma poli nje ya 1, ambako matokeo hupaa. Zitenganishe jozi kama tulivyomjibu msomaji wa Mbeya. Ukipendelea biquad (vichujio vya daraja la pili) za CMSIS-DSP, maktaba ya ARM, geuza alama za a1 na a2 (vizidishi vya matokeo yaliyopita) unazopata MATLAB.

Kagua pia kama umeandika 0.5 badala ya 0.5f. Herufi hiyo ikikosekana hesabu inafanywa kwa double, ambayo kikokotoo cha Cortex-M4 hakiijui, na kasi inaanguka. Kwenye kompaila ya GCC washa -Wdouble-promotion ikuonyeshe kila mahali.

SWALI: Je, PI ya kawaida isingetosha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa mota yenye mzigo usiobadilika, inatosha. Daraja la sehemu linalipa pale gaini ya mtambo (mota na mzigo wake) inapoyumba nawe unataka kiasi cha kupitiliza kibaki kilekile.